Maswali ya Wasomaji: Kangaja aliyevimba tumbo

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafuga samaki mmoja aina ya kangaja, wa samawati, mwenye pezi la manjano mgongoni, katika tangi la maji ya bahari la lita 400 lenye matumbawe na samaki wengine wadogo. Tangu juzi tumbo lake limevimba upande wa nyuma, karibu na tundu la haja, nami sijamwona akitoa kinyesi. Bado anakula, ila amepoa. Humpa kamba waliogandishwa na chakula kikavu cha punje, asubuhi na jioni. Jirani yangu anayefuga samaki wa maji baridi amenishauri nimnyime chakula siku tatu, nimpe njegere zilizochemshwa, kisha nitie haluli (chumvi ya kulainisha choo) ndani ya tangi. Je, nimfuate?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu msomaji, katika ushauri huo haluli ndiyo yenye manufaa makubwa, lakini usiitie katika tangi kubwa, na kwanza uhakikishe kwamba samaki amefunga choo kweli. Mtazame kutoka mbele na kutoka juu. Uvimbe wa nyuma ya tumbo, uliolingana pande zote mbili, kwa samaki ambaye bado ana hamu ya kula, kwa kawaida hutokana na utumbo. Uvimbe ulioenea mwili mzima, pamoja na macho yaliyotokeza na pumzi za haraka, ni dalili ya mwili kujaa maji kwa sababu figo au viungo vingine vya ndani vimedhoofika, na hapo haluli peke yake haitoshi. Wafugaji wengi hufundishwa kutazama kama magamba yamesimama. Kwa kangaja alama hiyo ni ngumu kuiona, kwa kuwa magamba yake ni madogo mno. Ukiona kinyesi cheupe kilicho chembamba kama uzi, na samaki anakonda, shuku vimelea vya tumboni.

Kwa maelezo yako, ninaamini kwamba chanzo ni chakula. Kangaja huyu, anayeishi katika miamba ya Bahari ya Hindi ikiwemo ya pwani yetu, hushinda akidonoa mwani kidogo kidogo mchana kutwa, na utumbo wake mrefu umeumbwa kwa kazi hiyo. Milo miwili mizito ya kamba, pamoja na punje kavu ambazo huvimba zikipata maji, humjaza kitu asichokizoea.

Haluli huvuta na kuzuia maji ndani ya utumbo, na hivyo hulainisha kinyesi. Kwa samaki wa maji baridi, ambaye hanywi maji ila kidogo sana, dawa iliyo ndani ya maji haifiki tumboni kwa wingi. Samaki wa baharini hunywa muda wote, kwa sababu chumvi ya bahari huunyang'anya mwili wake maji, kwa hiyo dawa humfikia kwa kinywa. Tangi lako lingehitaji vijiko vikubwa 20, ambavyo huwezi kuvitoa tena ila kwa kubadilisha maji, na kinyesi unachokisubiri kingekupotea kati ya matumbawe.

Tayarisha chombo cha pembeni cha lita 80, ukijaze maji ya tangi lako ili chumvi na joto visibadilike, kisha utie pampu ya hewa na kipande cha bomba la plastiki la kujifichia. Yeyusha vijiko vikubwa vinne vya haluli, kijiko kimoja kwa kila lita 20, na umimine taratibu. Pima amonia, yaani sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kila siku, na kila unapobadilisha maji urudishe haluli kwa kiasi cha maji uliyoyatoa tu. Umkamate kwa kopo la plastiki, si kwa wavu, kwa sababu mwiba mkali ulio kwenye shina la mkia hunasa katika nyuzi na hukata mkono.

Kamba na punje uzisimamishe, lakini usimnyime mwani, kwa kuwa kangaja si samaki wa kufungishwa saumu siku tatu. Njegere hazidhuru, ila sioni haja yake wakati karatasi za mwani mkavu, zile za mapishi ya Kijapani zisizo na mafuta wala viungo, zinapatikana madukani.

Tumbo likipungua na kinyesi kikionekana, mrudishe tangini. Ikipita siku ya tano bila nafuu, au akiacha kula, mtafute daktari wa mifugo anayejua samaki. Usinunue vidonge vya antibiotiki kwa kubahatisha, na kamwe usivitie katika tangi kubwa, kwani vinaweza kuua bakteria wanaosafisha amonia. Baada ya hapo mwani uwe chakula chake cha kila siku, kamba wawe kidogo, na punje uzirowanishe kabla ya kumpa.