Ufunguo wa siri ukae ndani ya kerneli

Umeuliza kama kuna haja ya kuutoa ufunguo wa siri kwenye kigeu cha mazingira (thamani yenye jina ambayo programu hupewa inapoanzishwa) na kuikabidhi kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ya Linux. Ipo, na nakusihi usichelewe. Kigeu hicho hurithiwa na kila programu inayoanzishwa na programu iliyo nacho, na programu nyingine ya akaunti hiyohiyo inaweza kukisoma kupitia /proc, folda ambamo kerneli huonyesha taarifa za programu zinazoendelea.

Mwito wa add_key, yaani ombi ambalo programu huipa kerneli, huuweka ufunguo kwenye kumbukumbu ya kerneli. Kuusoma tena ni kazi ya mwito mwingine, keyctl. Ila angalia sana aina unayochagua. Ufunguo wa aina ya user programu yako inaweza kuusoma. Wa aina ya logon hausomeki kabisa nje ya kerneli, hata na aliyeuweka. Huo unafaa kusimba diski (kuifumba data isisomeke bila ufunguo), si kuhifadhi nenosiri la hifadhidata, maana hilo programu lazima ilipate.

Weka pia muda wa kuisha kwa KEYCTL_SET_TIMEOUT, amri mojawapo ya keyctl. Mashine ikizimwa ufunguo umepotea, hivyo nakala ya kudumu iwe mahali pengine, tena imesimbwa. Mtumiaji wa kawaida, mipangilio isipobadilishwa, anaruhusiwa funguo 200 na baiti 20,000 kwa jumla.