Jibu: Turubai kubonyea na mashua kuota ukungu wakati wa baridi

Salaam ndugu. Umesema mashua yako ya faiba, mita 5, hulala kwenye trela huko Minnesota. Theluji inabonyeza turubai katikati, na ukilifunua baridi ikiisha unakuta maji na ukungu.

Kabla ya kununua turubai jingine, angalia linaegemea nini. Likilala bapa juu ya kingo za mashua, litabonyea tu hata liwe zito namna gani. Laza mlingoti kutoka tezi (nyuma) hadi omo (mbele) juu ya vihimili viwili vya mbao, uinuke karibu mita moja juu ya kingo, turubai lishuke kwa mteremko mkali pande zote mbili. Kila chuma kinachochomoza kwenye mlingoti kizungushie kipande cha zulia kuukuu. Mara nyingi turubai halichanwi na theluji, linachanwa na upepo unaolisugua palepale usiku kucha, kwa hiyo kamba zipitishe chini ya mashua, upande hadi upande, uzikaze vizuri.

Ukungu unatokana na kufunga kila upande. Acha uwazi omo na tezi hewa ipite.

Kizibo cha chini kitoe, kisha inua mbele ya trela maji yaishie tezi. Maji yakiganda hutanuka kama 9%, na yakinaswa kwenye ufa wa faiba yanaupanua. Tanga lisuuze kwa maji yasiyo na chumvi, likauke kabisa, ulihifadhi nyumbani. Ukiliacha kwenye mashua, panya watalifanya kiota.