Kubahatisha si tusi

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina miaka 31 na kazi ninayoipenda ni kuchora picha za vitabu vya watoto, hasa wanyama. Kwa miaka mitatu nimepeleka kazi zangu kwa wachapishaji wanne. Wawili walisema hawana nafasi, wawili hawakujibu kabisa. Sasa nina rafiki niliyesoma naye. Sina kijicho, lakini simba wake wanafanana na mbwa. Mwezi uliopita alipanda basi, akakaa na mama mmoja, wakaongea wee, kumbe yule mama ni mhariri! Hivi sasa anachora kitabu kizima. Nyumbani wanasema mwenzangu ana nyota, mimi nina nuksi. Je, bahati mtu huzaliwa nayo? Na je, niache kazi yangu ya mapokezi nichukue akiba yote nichapishe kitabu changu mwenyewe? Nasikia bahati humpenda anayethubutu.
Mwenye Nuksi

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeifupisha ili itoshe hapa, lakini nikwambie nilichokiona nilipoisoma nzima: kurasa mbili zinahusu nuksi na nyota, mstari mmoja tu unahusu wachapishaji. Mimi nimebaki na huo mstari mmoja.

Wanne kwa miaka mitatu. Ni sawa na mmoja kila miezi tisa. Watu wanazaa kwa muda huo!

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme, kwa kukadiria tu, kila mchapishaji unayemwendea ana uwezekano wa 1 katika 20 wa kukukubali. Ukienda kwa wanne, nafasi ya kumpata angalau mmoja ni kama 19 katika 100. Ukienda kwa 30, nafasi hiyo inakaribia 79 katika 100. Mkono wako ni uleule, simba wako ni walewale, nyota yako iko palepale ilipokuwa. Wala sikudanganyi: zile 21 zilizobaki zina wenyewe. Wapo watakaobisha hodi kwa wote 30 na kurudi mikono mitupu, na si wavivu hao. Anayekwambia kila mwenye bidii hupata, mwulize amekutana na watu wangapi.

Hata lugha yetu inalijua jambo hili. Maji huchemka, mtu huyachemsha. Vivyo hivyo kutoka bahati tukapata kubahatisha, yaani uitie bahati moto kidogo. Cha ajabu, neno zuri kama hilo tumeligeuza la kubezana: "Achana naye, anabahatisha tu huyo." Mimi nimebahatisha maisha yangu yote na sioni haya.

Nilipokuwa na umri wako nilikuwa mpiga taipu mchana, usiku naandika hadithi. Nilikuwa na daftari la safu tatu: tarehe, nilikopeleka, nilichojibiwa. Safu ya tatu ilijaa "hapana" na nafasi tupu. Hadithi ya 23 ndiyo iliyotoka, na ilitoka hivi. Nilikwenda ofisi ya gazeti moja kuulizia ile ya 22. Mhariri hayupo. Katibu muhtasi akaniambia, "Dada, mwandishi wa ukurasa wa hadithi anaumwa, ukurasa mtupu, na saa kumi gazeti linakwenda mtamboni. Una chochote?" Nilikuwa nacho mkobani.

Ndugu zangu hadi leo wanasimulia jinsi Shangazi alivyo na bahati. Hawasimulii kwamba ile ilikuwa mara yangu ya tano kupanda zile ngazi, wala kwamba yule katibu alinijua kwa jina kwa sababu siku moja nilikaa naye nikamsaidia kupanga karatasi zilizomwagika. Ugonjwa wa yule mwandishi sikuuomba (alipona, tukawa marafiki, na hajaacha kunidai shukrani). Mkoba ulikuwa wangu.

Utasema hayo ni ya enzi za taipu. Haya, mtazame Katalin Karikó, mwanasayansi wa Hungaria aliyehamia Marekani mwaka 1985. Alikuwa ameshikilia wazo moja, kwamba RNA mjumbe, ile inayobeba maagizo ndani ya seli, inaweza kutumika kama dawa. Maombi yake ya fedha za utafiti yalikataliwa tena na tena, na mwaka 1995 chuo chake kikamshusha cheo. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990 akakutana na Drew Weissman. Wapi? Kwenye mashine ya fotokopi, kila mmoja ana makala zake za kunakili. Weissman alikuwa anatafuta njia ya kutengeneza chanjo. Mwaka 2005 wakachapisha ugunduzi ambao baadaye ulitumika katika chanjo za Uviko-19, na mwaka 2023 wakapewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Watu hupenda kuishia kwenye fotokopi, kama unavyoishia wewe kwenye basi. Mimi napenda kilichofuata. RNA yao ilikuwa inawasha uvimbe mwilini, na hawakuendelea kuijaribu vilevile wakisubiri miujiza. Walitafuta kinachosababisha, wakabadilisha kijenzi kimoja cha RNA hiyo, na uvimbe ukatulia. Sasa nikuulize wewe, kati ya mchapishaji wa kwanza na wa nne ulibadilisha nini? Naona kama kwamba ni bahasha ileile na twiga yuleyule juu. Wale wawili waliosema hawana nafasi, je, uliwaandikia tena kuwauliza wanatafuta michoro ya namna gani? Mtu aliyejibu, hata kwa kukataa, ameacha mlango na upenyo.

Na rafiki yako usimdharau. Aliongea na mtu asiyemjua, akasema anafanya kazi gani. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha matokeo ya kuwauliza watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu: huyo mtu mlikuwa mnaonana mara ngapi? Zaidi ya 80 katika 100 walisema ni mara mojamoja au kwa nadra. Inaeleweka. Anayekula nawe kila siku anajua yaleyale unayoyajua. Wa mbali ana habari ambazo kwenu hazijafika. Wewe unakaa mapokezi, mwanangu! Watu wa kila namna wanakupitia siku nzima. Kuna hata mmoja anayejua unachora?

Sasa hilo la kuacha kazi na kumaliza akiba. Hapana. Kuthubutu ninakokusifia ni kule ambako ukishindwa unapoteza bahasha na jioni moja ya kununa, na ukifaulu unapata kazi. Ukiimwaga akiba yote kwenye kitabu kimoja, umenunua jaribio moja kwa bei ya majaribio 26 uliyobakiza. Kama hamu haiishi, chapa nakala chache kwa fedha usiyoihitaji, uwape wasomaji watoto uone wanakawia kwenye ukurasa upi.

Nunua daftari. Safu tatu, lakini ongeza ya nne niliyojutia kutokuwa nayo: nilichobadilisha. Ukifika wa 15 niandikie, uwe umepata au hujapata. Na ubadilishe jina la kusainia, hilo sitalichapa tena.

SWALI: Shangazi, mimi ni mng'ang'anizi. Kila wiki nabeti mechi tano kwa pamoja, mwaka wa pili sasa. Nisikate tamaa, au vipi?
Siku Yaja

JIBU: Kata. Tuseme kila mechi una nafasi nusu kwa nusu. Zote tano kutiki ni mara 1 katika 32. Ili msidhulumiane, anayechezesha angekulipa mara 32 ya ulichoweka, naye hupanga malipo yapungue hapo, maana ana umeme na wafanyakazi wa kulipa. Mchoraji hapo juu akikataliwa anaweza kuuliza kwa nini na kurekebisha kesho. Wewe umpigie simu golikipa? Chukua zile tiketi zako zote za mwaka mzima, jumlisha ulichotoa, toa ulichopata, halafu mwonyeshe mtu mmoja unayemheshimu hiyo karatasi.