Maswali Yenu: Pima Mboni Kabla ya Kuhesabu Pikseli

Barua za safari hii ni za aina mbili: za walionunua miwani ya VR (skrini ya kuvaa machoni inayokuingiza katika dunia ya kubuni) ikawachefua, na za walionunua kamera za kupima kina zikawadanganya. Kina hapa ni umbali wa kila nukta ya picha kutoka kwenye kamera.

Niliijaribu miwani ya VR ya Meta, Quest 3S, dukani dakika tano nikaipenda. Nyumbani, hata robo saa haijafika, macho yanauma na maandishi yana ukungu. Mdogo wangu akivaa yuko sawa. Nimeuziwa mbovu? (Msomaji, Mombasa)

Kama ni mbovu ingewasumbua nyote wawili. Anza na umbali kati ya mboni zako. Watu wazima wengi huangukia karibu milimita 63, lakini wapo wa 56 na wapo wa 72. Lensi za Quest 3S zina vituo vitatu tu: 58, 63 na 68. Huenda mdogo wako ameziacha kwenye kituo chake na wewe unavaa hivyohivyo.

Chukua rula ya milimita, simama sentimita 20 kutoka kwenye kioo, uiegemeze rula juu ya pua. Funga jicho la kulia, weka sifuri sawa na katikati ya mboni ya kushoto. Bila kutikisa kichwa wala rula, fungua la kulia, funga la kushoto, usome namba iliyo katikati ya mboni ya kulia. Rudia mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza mkono huteleza. Ukipata 60 au chini, weka 58. Kati ya 61 na 65, weka 63. Kuanzia 66, weka 68. Lensi husogezwa kwa kuzishika zenyewe na kuzisukuma taratibu mpaka zikwame kwenye kituo.

Halafu uvaaji. Wengi hukaza mkanda mpaka mashavu yanauma, na bado picha haitulii. Vaa mbele kwanza, shusha mkanda wa nyuma hadi chini ya mfupa wa kisogo, kaza wa pembeni kiasi, wa juu uwe wa mwisho. Kisha pandisha na kushusha miwani yote usoni, milimita moja moja, huku ukitazama neno lililo katikati. Lensi za 3S ni za miduara miduara, na sehemu yake inayoonyesha safi ni ndogo. Ukungu wa pembeni kabisa hautaisha hata ufanyeje. Quest 3 ina lensi bapa zilizo safi karibu mpaka ukingoni, na gurudumu la kurekebisha kutoka 58 hadi 71. Kwa mwenye mboni za 71 tungemwambia aongeze pesa achukue hiyo. Tofauti hiyo ina faida kwake kuliko tofauti ya pikseli (vinukta vinavyounda picha) inayopigiwa debe kwenye matangazo.

Nina miaka 58. Gazeti nalisoma kwa miwani, barabarani naona vizuri. Nikivaa VR nivae na miwani yangu ndani? (Mwalimu mstaafu, Tanga)

Shikamoo, Mwalimu. Jaribu bila hiyo kwanza. Skrini iko sentimita chache kutoka jichoni, lakini lensi huifanya ionekane kana kwamba iko mbali, kwa kawaida kati ya mita 1 na 2. Jicho linaloona mbali vizuri hutosheka. Mwenye shida ni asiyeona mbali: mwenye miwani ya namba hasi 2, akiivua, huona safi mwisho nusu mita, kwa hiyo hata ndani ya VR atahitaji miwani yake. Huyo aangalie vioo visigusane, maana lensi za VR ni za plastiki na mkwaruzo hautoki. Kwenye Quest 3, mto wa usoni husogezwa mbele kuacha nafasi.

Jambo jingine: madirisha ya maandishi usiyalete karibu kuliko nusu mita. Macho yatajipinda kufuata dirisha huku lensi ya jicho ikibaki kulenga kulekule mbali. Ukibishana na jicho, kichwa ndicho kitakacholipa.

Mwanangu wa miaka 8 analilia kuvaa. (Mama, Dodoma)

Bado, mama. Meta imeweka kuanzia miaka 10, Sony 12 kwa PS VR2, Apple 13 kwa Vision Pro. Mboni za mtoto wa umri huo kwa kawaida ziko karibu kuliko milimita 58, yaani hata ukiziweka lensi mwisho kabisa hazimfiki. Nusu kilo usoni kwa shingo ile nayo si mchezo.

Michezo ya kukaa sehemu moja sina neno. Mbio za magari, dakika tatu natokwa na jasho. Nikizoea itaisha? (Kijana, Kampala)

Huisha kwa wengi, ila si kwa kujikaza. Jicho linasema unakwenda, sikio la ndani linasema umekaa, na inadhaniwa ubongo hulichukulia hilo kama sumu. Dalili ya kwanza si kutapika. Ni mate kujaa mdomoni, jasho baridi, miayo. Ukiiona hiyo, vua papo hapo. Ukiendelea "umalize raundi", mwili unajifunza kuichukia miwani yenyewe, na kesho utachefuka hata kabla ya kuiwasha.

Ingia kwenye mipangilio ya mchezo. Washa giza la pembeni linalobana uwanja wa kuona unapokwenda kasi. Kugeuka kuwe kwa hatua za digrii 30 au 45, kusiwe kwa kuteleza. Palipo na chaguo la kuruka kutoka sehemu hadi sehemu badala ya kutembea kwa rimoti, lichague. Anza na dakika 10, siku hiyo iishie hapo. Feni inayopuliza usoni kutoka mbele husaidia kuliko inavyodhaniwa: inapunguza joto, na inaukumbusha mwili mbele ni wapi.

Kama unacheza kupitia kompyuta, angalia na fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde. Kwa fremu 90 kwa sekunde, kila picha ina milisekunde 11 tu za kuchorwa. Kompyuta ikishindwa, dunia inatetemeka kila ukigeuza kichwa, na hilo halina mazoea. Punguza ubora wa vivuli na taa mpaka fremu zitulie.

Kuna doa la manjano katikati ya picha, jicho moja tu. Nimefuta halitoki. (Msomaji, Muscat)

Halitatoka. Hilo ni jua. Lensi ya VR ni kioo cha kukuzia: miwani ikilala dirishani lensi zikitazama juu, mwanga hukusanyika kuwa nukta moja na kuunguza skrini ndani ya muda mfupi sana. Kilichoungua ni skrini, kwa hiyo kubadilisha lensi hakusaidii, na udhamini kwa kawaida haugusi kosa hili. Ukiivua, ilaze lensi zikitazama chini juu ya kitambaa, au zifunike. Vumbi lifute kwa kitambaa cha miwani kikavu, bila spiriti.

Natengeneza makabati ya kupachika ukutani. Je, iPhone yenye lida inaweza kuchukua nafasi ya futi? (Fundi, Zanzibar)

Kwa makadirio, ndiyo. Kwa kukata mbao, hapana. Lida ya simu, yaani kipima umbali kwa leza, iliyopo kwenye aina za Pro tangu iPhone 12 Pro ya 2020, hufika karibu mita 5. Ramani ya kina inayotoa ina nukta 256 kwa 192 tu. Ukisimama mita 3 kutoka ukutani, kila nukta inabeba zaidi ya sentimita moja ya ukuta. Kabati halipachikwi kwa sentimita, fundi, unajua mwenyewe.

Itumie kwa mchoro wa chumba na bei ya awali. Kabla ya kupima, funika kioo cha kujitazamia kwa kanga, la sivyo mchoro utakuja na chumba cha pili nyuma ya ukuta. Kioo cha dirisha leza hupita ndani yake, basi bandika karatasi mbili tatu au vuta pazia. Kochi jeusi la ngozi hunyonya mwanga na kuacha tundu, hapo sogea karibu. Tembea polepole ukutani, mwendo mmoja, na umalizie ulipoanzia ili programu ijirekebishe. Mwisho pima ukuta mmoja kwa futi. Ukilingana, mchoro unaaminika kwa kazi hiyo. Ukipishana kwa sentimita 3, usijaribu kurekebisha kwa kichwa, pima upya.

Nimepata Kinect, kamera ya kina ya mashine ya michezo ya Xbox 360, ya mtumba kwa bei ya kutupa. Mwenzangu anashauri kamera ya kina ya RealSense D435. Ni kwa mashine ya kuchambua maparachichi. (Mwanafunzi, Nairobi)

Kama mashine itakaa ndani, anza na Kinect. Hakikisha inakuja na adapta yenye umeme wa volti 12, maana plagi yake haiingii kwenye USB ya kawaida na wauzaji wengi hawaisemi hiyo. Inafanya kazi vizuri kati ya sentimita 80 na mita 4, kwa hiyo ipandishe juu ya mkanda unaobeba matunda, isikae ubavuni. Hutupa vitone vya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) na kusoma vilivyopinda. Jua likiingia dirishani vitone vinamezwa na picha inabaki matundu.

D435 hutumia kamera mbili zilizoachana milimita 50, kama macho. Juani inasimama vizuri zaidi kwa sababu haitegemei vitone peke yake. Shida yake ni umbali: kosa hukua kwa mraba. Ukichukulia inakosea sehemu ya kumi ya pikseli kwenye picha ya 848 kwa 480, mita 1 unapoteza milimita 4 au 5, mita 2 ni 18, mita 4 ni sentimita 7. Parachichi lipime chini ya mita 1. Kwa ubora wa juu kabisa usisogee ndani ya sentimita 28, ukitaka karibu zaidi shusha ubora. Na kabla ya kuilaumu kamera, badilisha waya: waya wa USB 2 huipunguzia ubora bila kutoa onyo la maana.

Harusi ya dada nataka kuichukua video ya kina, ile ya kutazamwa kwa miwani ya VR, kwa iPhone 15 Pro. (Msomaji, Lamu)

Ishike simu kwa upana, simama mita 1 hadi 2.5 kutoka kwa bi harusi, usitembee nayo. Lensi mbili za simu ziko karibu mno kuliko macho, hivyo ukumbi mzima kutoka nyuma utatoka bapa kama picha ya kawaida. Taa ziwe nyingi, kwani kamera pana zaidi ya hizo mbili ndiyo dhaifu gizani. Dakika moja hula karibu MB 130, kwa hiyo futa vya zamani mapema, siyo bi harusi akiwa mlangoni.