sfc /scannow inakataa ingawa akaunti ni yako mwenyewe

Ndugu, umesema mafaili ya Windows yako yameharibika, na ukiandika sfc /scannow (amri ya kukagua na kutengeneza mafaili hayo) unaambiwa lazima uwe msimamizi (administrator), ingawa akaunti ni yako. Akaunti yako haina kasoro. Tangu Windows Vista, hata mwenye akaunti ya msimamizi hufunguliwa programu kwa haki za kawaida mpaka aombe zaidi. Ndiyo maana cmd (dirisha la kuandikia amri) uliyoifungua kwa kubofya tu inakwambia lazima uwe msimamizi.

Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, kisha usibonyeze Enter peke yake: shikilia Ctrl na Shift, ndipo ubonyeze Enter. Skrini itafifia na utaulizwa kama unaruhusu, kubali. Ukiombwa nenosiri badala ya kuulizwa tu, basi umeingia kwa akaunti ya kawaida, na atakayeliandika ni mwenye akaunti ya msimamizi. Hakikisha juu ya dirisha pameandikwa Administrator.

Kwa kuwa shida yako ni mafaili ya Windows yaliyoharibika, anza kwa kuandika humo amri hii ya ukarabati: DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth. Hii huchukua mafaili mazima kutoka Windows Update, kwa hiyo uwe na bando la kutosha. Ikimaliza, ndipo uandike sfc /scannow. Asilimia zinaweza kuganda sehemu moja kwa muda mrefu. Tafadhali usilifunge dirisha.

Na mtu yeyote akikushauri uzime kabisa lile swali la ruhusa, usimsikilize. Swali hilo ndilo linaloizuia programu mbaya isijipe haki hizohizo kimyakimya. Ukimaliza kazi, funga hilo dirisha.