Mke Ameuza Kamera Yangu, Nimrudishe Kwao?

SWALI

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mpigapicha hapa Dodoma, nina miaka 39. Nimeoa miaka 14 iliyopita, tuna watoto watatu na wa kwanza yuko darasa la saba. Kazi yangu haina saa. Asubuhi naweza kuwa Mtumba kwenye semina ya wizara, mchana chuoni kwenye mahafali, Jumamosi sendofu au harusi mpaka saa nane usiku. Bunge la bajeti likianza Aprili, nyumbani sionekani mpaka Juni iishe. Yote hayo natafutia familia. Tuna kibanda cha picha Nkuhungu, mke wangu anashinda humo.

Shida ni kwamba mke amebadilika. Mwezi uliopita, Julai, nilirudi kutoka kwenye kazi Kondoa nikakuta ameuza kamera yangu ya zamani bila kuniuliza. Nilipomhoji akanijibu, "Ada haisubiri harusi," akaendelea kukunja nguo. Mama yake naye yuko kwetu tangu masika. Hanitazami usoni, na nahisi ndiye anayemjaza maneno. Halafu mke ananuna kwa sababu ya binti anayenishikia taa kwenye harusi, wakati ile ni kazi tu. Nimechoka na dharau. Nafikiria kumrudisha kwao Mpwapwa pamoja na mama yake, akapumzike kidogo ajifunze heshima. Nakosea?

Mpigapicha, Nkuhungu

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kukesha. Kusimama ukumbini tangu jioni hadi usiku wa manane, kamera shingoni, wageni wanakula wewe unawapiga picha wanavyokula, ni kazi inayochosha mwili na wengi hawaijui. Pole hiyo naitoa kwa moyo.

Sasa jibu lako: ndiyo, unakosea. Barua yako nimeirudia mara kadhaa, na kila nikiirudia namwona mkeo akiwa na haki zaidi.

Mwamba ngoma huvutia kwake, na wewe umeivuta kwelikweli. Umenitajia Mtumba, Bunge, mahafali, sendofu, Kondoa. Kibanda umekipa mstari mmoja tu, tena kana kwamba mkeo yumo humo kwa kukosa pa kukaa. Na katika barua nzima hakuna mahali ulipoandika unaacha shilingi ngapi nyumbani kabla hujatoka. Mume mwenye kuacha fedha ya kutosha, hilo ndilo angelitaja la kwanza.

Tuanze na ada, maana ndiyo neno pekee la mkeo ulilonifikishia. Shule za msingi za serikali hazitozi ada. Kwa hiyo watoto wako wako shule binafsi. Nani aliamua? Nakisia ni wewe. Mwanamume anayeshinda na mawaziri hupenda na watoto wake wapande basi la njano. Si vibaya, ila ukishaamua hivyo ada inakuwa juu yako, na ada ya Julai hujulikana tangu Januari. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 63, inamtaka mume amtunze mkewe kwa malazi, mavazi na chakula. Hiyo ni kabla hata hatujafika kwenye ada.

Tuutazame mwaka wenu wa 2026 ulivyokwenda. Jumatano ya Majivu na mwanzo wa Ramadhani viliangukia wiki moja ya Februari. Wakristo wakaziweka harusi zao mpaka baada ya Pasaka, Waislamu mpaka baada ya Idi. Kwa majuma yote hayo mpigapicha wa harusi hapa mjini hakuwa na pa kwenda. Aprili ukaingia kwenye shughuli za Bunge na semina, kazi zikawa nyingi, lakini sote tunaoishi Dodoma tunajua malipo ya semina yanapita mikononi mwa watu wangapi kabla ya kumfikia aliyepiga picha. Na harusi nazo: kamati inatanguliza nusu, sherehe inapita, kamati inavunjika, mwenyekiti hapokei simu, na wewe umebaki na albamu ambayo haijalipiwa. Julai shule zikafunguliwa.

Katika miezi yote hiyo mlikula nini?

Mlikula kibanda. Mwanafunzi anayejaza fomu ya mkopo anataka picha za pasipoti. Anayekwenda kwa mtendaji wa mtaa kugongewa barua ya utambulisho anataka pasipoti. Wa kufungua akaunti, wa kuomba kazi, mtoto wa komunyo ya kwanza, bibi anayetaka picha ya marehemu mumewe ikuzwe na kuwekwa fremu, wote hao wanaingia kwa mkeo na kulipa papo hapo. Fedha ni ndogo, lakini ndiyo inayonunua umeme wa LUKU, unga na sabuni. Haba na haba hujaza kibaba. Harusi zako ni mvua ya Dodoma, ikija inafurika makorongo, kisha anga inafunga miezi kwa miezi. Kibanda ni kisima, na anayechota humo kila siku ni mkeo, mgongo ukimuuma.

Nije kwenye kamera. Umeandika kwamba aliyouza ni ya zamani, basi ipo mpya. Kamera ya kazi pamoja na lenzi yake ni mamilioni ya shilingi, wewe unajua kuliko mimi. Uliinunua lini? Ulikaa na mkeo mkakubaliana, au aliiona siku ulipoitoa kwenye boksi? Na fedha ilitoka wapi, mwanangu? Nina wasiwasi mkubwa kwamba sehemu yake ilitoka kwenye droo ya kibandani. Kama ni hivyo, wewe ndiye uliyetangulia kufanya jambo bila kuuliza. Mtenda akitendewa, hudhani kaonewa.

Tena fikiria hili. Wewe umebeba kamera mpya umekwenda nayo Kondoa. Pale kibandani pasipoti zinapigwa na nini? Kama ni ile ya zamani, basi mkeo ameuza kitendea kazi chake mwenyewe ili mwanao asirudishwe nyumbani. Mwanamke hauzi jembe lake msimu unaendelea isipokuwa amebanwa mpaka mwisho. Utasema angekuambia kwanza. Naamini alikuambia, si mara moja, nawe ukajibu "nikirudi tutaongea", ukapanda gari.

Kuhusu mama mkwe umenisikitisha, na hapa nitakaa kidogo. Amekuja tangu masika, umesema. Mimi nazijua Mpwapwa na vijiji vyake. Mvua ya kwetu ni msimu mmoja, kuanzia Desemba mpaka Aprili, na mtama, karanga na alizeti visipopaliliwa kwa wakati, mwaka huo umekwenda. Mama wa makamo haachi palizi akaja kukaa mjini kwa starehe. Aliitwa. Mtu alimpigia simu akamwambia, mama nimeelemewa, na yeye akaliacha shamba. Tangu hapo nani anawapikia wanao mke akiwa kibandani? Nani anamfungulia mlango yule wa darasa la saba akitoka masomo ya jioni? Wewe unarudi saa nane usiku unakuta watoto wameoga, wamekula, wamelala, na unaona ni kawaida tu.

Na eti hakutazami usoni. Mwanangu, umekulia wapi? Kwa watu wazima wa huku kwetu, mama mkwe kumkazia macho mume wa binti yake ndiyo ingekuwa aibu. Anainamisha uso kwa heshima, anakupisha njia kwa heshima, na heshima hiyo wewe umeiandika kwenye barua kama ushahidi wa chuki. Kazi yako ni kutazama nyuso za watu. Ya mkweo umeisoma vibaya kabisa.

Huyo binti wa taa sitakutuhumu naye, kwa sababu sina ninalolijua. Nitakuuliza tu mawili. Saa nane usiku harusi ikiisha, anafikaje kwao? Ni mtoto wa watu, na kama humpeleki mwenyewe mpaka mlangoni au kumkabidhi kwa dereva wa bajaji unayemfahamu, siku moja utaitwa na wazazi wake. La pili: yeye unamlipa kila shughuli inapoisha, sivyo? Mkeo anayekaa kibandani tangu asubuhi analipwa na nani? Wewe unaona wivu wa mapenzi. Mimi naona mwanamke anayemtazama mfanyakazi wa usiku mmoja akipewa chake mkononi, wakati yeye ana miaka hajapewa hata asante.

Ndoa za siku hizi zinanisumbua, na wewe uko karibu nazo kuliko padri na shehe. Maharusi wanapelekwa Hombolo kupigwa picha kwenye mizabibu, droni inazunguka juu, ndugu wamekamuliwa michango mpaka wanazima simu, na chumba watakachohamia hakijalipiwa kodi. Wawili hao hawajawahi kukaa mezani na kuambiana mshahara ni kiasi gani na madeni ni mangapi. Bibi zetu walikabidhiwa ghala na wakaambiwa mbele ya wazee hiki ni cha kula, hiki ni mbegu. Mke alijua kilichomo. Leo mume ana simu yenye namba ya siri na fedha ndani yake, mke anakisia tu kwa kumtazama sura akirudi. Halafu tunashangaa wanawake wamekuwa wakali. Wanaume nao wamejifunza kuwa wazuri kwa watu wa nje. Ukumbini unambembeleza bibi harusi usiyemjua, "cheka kidogo dada, inua kidevu, umependeza." Nyumbani ni kuhoji.

Unataka kumrudisha kwao. Kabla hujafunga mzigo, jua jambo moja. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango unaohesabika katika mali iliyochumwa kwenye ndoa. Wengi hukumbuka hapo tu. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia mgawo alioudai, kwa sababu alikuwa amepewa fedha za kuendesha biashara ya familia akashindwa kuzitolea hesabu. Sasa tazama nyumba yako. Mke ana kazi za ndani, ana na kibanda juu yake, na asiyetoa hesabu ni wewe. Ukifika mbele ya baraza la usuluhishi wa ndoa na hadithi hii uliyoniletea mimi, utatoka umeinamisha kichwa.

Haya, ufanye nini. Leo usiku usihoji kitu. Muulize mkeo mnadaiwa nini na wapi, kisha nyamaza mpaka amalize, hata kama atalia, hata kama ataanzia mambo ya miaka mitano nyuma. Ukimaliza kusikiliza, mwambie kamera mpya ilikugharimu kiasi gani. Taja yote. Akishajua, umwombe radhi, na asubuhi umsalimie mama mkwe wako vizuri na kumshukuru kwa wajukuu, kwa mdomo wako, usimtume mtoto.

Daftari la kazi alishike mkeo. Kila harusi iandikwe humo: bei, kilichotangulizwa, kilichobaki na jina la mtu wa kamati aliyeahidi. Na kuanzia sasa kilichobaki kilipwe kabla ya siku ya sherehe, maana baada ya keki kukatwa huna wa kumdai. Mkeo ndiye awapigie simu wenye madeni ya zamani. Nina imani atazipata fedha ambazo wewe unaona aibu kuzidai. Binti wa taa naye aje nyumbani, ajulikane, na malipo yake yaingie kwenye daftari hilohilo. Leseni ya kibanda iandikwe jina la mkeo, na kinachoingia mle usikiguse bila yeye kukutolea mwenyewe.

Kamera iliyouzwa usiidai wala usiitaje tena. Kibanda hakiwezi kukaa bila kamera, kwa hiyo malipo ya kwanza yatakayoingia, yawe ya semina au ya harusi, yanunue nyingine ya kupigia pasipoti, hata ya mkono wa pili, na uende naye achague yeye.

Na safari ya Mpwapwa ifute. Mtihani wa darasa la saba ni Septemba, na anayemwamsha mwanao asome alfajiri ni huyo bibi unayetaka kumfungasha. Mtihani ukiisha, siku ya kuondoka ataitaja yeye mwenyewe. Msimu mpya wa kulima utakuwa unakaribia na shamba lake lililala mwaka huu kwa ajili yenu, kwa hiyo mpe nauli, mbegu, na fedha ya kumlipa kibarua wa palizi.