Dishi Kuukuu la Klabu

SWALI: Mhariri, salamu. Klabu yetu ya Likoni ina dishi la wavu la mita 2.4, la miaka ya 1990. Kwa nini yalikuwa makubwa hivyo? Na mbona picha ya mpira ilijaa chenga, yaani vidoti vyeupe?

JIBU: Wa aleikum salamu. Matangazo mengi yalikuja kwa bendi ya C, yaani masafa ya gigahazi 4 hivi, na hufika yakiwa hafifu. Dishi dogo halikusanyi ya kutosha. Analogi ilipopungua nguvu, chenga ziliingia kidogo kidogo. Dijitali haina huruma hiyo: picha huganda, kisha hutoweka.

Kwa setilaiti ya nyuzi 68.5 Mashariki, hapa Mombasa elekeza mashariki, ukivuta kaskazini kidogo, na liinue nyuzi 56 hivi. Kisha zungusha LNB, kile kipokezi kilicho mbele ya dishi, polepole. Adui mkubwa ni chumvi ya bahari. Fungua kiungo cha kebo: shaba ikiwa kijani, kata hadi inayong'aa, weka kiungo kipya, zungushia tepu ya mpira, na uache kebo ining'inie kitanzi chini ya LNB ili maji yadondoke.

Wavu uliopinda kidogo bado huvumilika kwa bendi ya C, si kwa Ku, bendi ya masafa ya juu zaidi. Kwa Ku nunueni dishi la sentimita 90, yaishe.